Sasa Tuwaiteje?

Aprili 2022, miezi minne kabla ya uchaguzi mkuu, Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ilitoa orodha ya maneno iliyosema yanachochea chuki. Mengi tulikuwa tukiyasikia majukwaani kila siku: madoadoa, kwekwe, mende. Lakini mawili yalikuwa ya huku kwetu Pwani: "wakuja", na "wabara waende kwao". Orodha ile ilisomwa kwenye simu barazani Kibokoni, katika Mji wa Kale wa Mombasa, baada ya Alasiri, vikombe vya kahawa vikipita mkono kwa mkono. Mzee mmoja aliyekuwa kimya muda wote akauliza, bila hasira: "Haya. Sasa tuwaiteje?"

Vijana walicheka, wakadhani amefanya dhihaka. Mimi nilimtazama usoni nikaona anataka jibu. Tangu siku hiyo nimelibeba swali lake, na nimekuja kuamini kwamba lina uzito kuliko orodha yenyewe.

Kuna lawama iliyozoeleka katika Mji wa Kale, nayo ni kwamba siku hizi hakusemeki. Ukimwita mtu kiwete, umemtusi. Ukimwita mbara, umevunja sheria. Ukimwita "boi" mwanamume anayekufulia nguo, mwanao aliyesoma Nairobi atakukemea mbele ya wageni. Wenye lawama hii huona kwamba uangalifu huu wa maneno ni kitu cha kigeni, kimeletwa na mashirika na semina, kikawekwa juu ya watu waliokuwa wakiishi na kutaniana kwa amani. Ni watu wangu hao, nimekulia miguuni pao. Nabishana nao kwa sababu katika jambo hili wamekisahau kitu ambacho wao wenyewe ndio mabingwa wake.

Mji wa Kale haufiki hata kilomita moja ya mraba. Nyumba zimebanana kiasi kwamba mtu akikohoa Mlango wa Papa jirani humuombea afya. Penye msongamano wa namna hii ulimi usiofungwa ni moto, na wazee wetu walilijua hilo. Ndiyo maana tulirithi sheria za kusema nyingi kuliko ambazo tume yoyote ingeweza kuziandika. Mtu wetu hafi, hutangulia mbele ya haki. Mgonjwa aliye taabani "hajambo kidogo". Mwanamke aliye katika siku zake haambiwi hivyo. Husema mwenyewe kwamba hasali, na aliyeelewa ameelewa. Mke wa mwenzio humtaji jina, wauliza kama nyumbani hawajambo. Walimu wa lugha huiita tasfida, na mtoto wa Kibokoni huipata kabla hajajua kusoma, mara nyingi kwa kofi.

Hata ugomvi wetu ulikuwa na adabu yake. Muyaka bin Haji, malenga wa Mvita, yaani Mombasa, wa mwanzo wa karne ya 19, aliwashambulia mahasimu wa mji kwa mafumbo, na mahasimu wakajibu kwa mafumbo. Wanawake waliosusiana hawakuhitaji kutupiana neno. Mmoja alikwenda maduka ya Biashara Street akachagua leso yenye jina linalomfaa jirani yake, akaivaa akapita nayo mlangoni. Kwa hivyo yeyote anayeniambia kwamba kuchunga maneno ni jambo la Kizungu namwomba akumbuke mamake alivyokuwa akizungumza.

Lakini hapa ndipo penye uchungu, na sitaki kupapita haraka. Tasfida yetu ilikuwa na mpaka. Ilimsitiri aliyehesabiwa kuwa muungwana, na uungwana haukuwa tabia njema tu kama tunavyofundisha leo tukisema muungwana ni kitendo. Ulikuwa cheo cha kuzaliwa. Muungwana ni asiye mtumwa. Aliyekuwa nje ya duara hilo hakupata neno la kumfunika: alikuwa mtwana, mjakazi, mzalia, suria, na mwanawe akaitwa suriama. Aliyetoka upande wa pili wa maji alikuwa mshenzi au mnyika. Neno lililokuja baadaye kuchukua pahala pa uungwana, ustaarabu, lina Uarabu ndani yake. Kustaarabika, kwa asili ya neno, ni kuwa kama Mwarabu. Sisemi tuliache. Limeshatumika na kila mtu kwa maana pana na asili yake imefifia. Nasema tu kwamba lugha yetu ya heshima ilijengwa juu ya ngazi, na waliokuwa chini ya ngazi hawakuulizwa.

Utumwa uliondolewa kisheria katika ukanda wetu mwaka 1907. Majina hayakuondoka nao. Wapo watu mjini, na umri wao si mkubwa, walioambiwa siku ya posa kwamba hawana kufu, na maana yake kila mtu aliyekuwapo aliijua bila kutajiwa. Neno lile lilikuwa tasfida pia, tena ya hali ya juu. Lilimsitiri msemaji na kumvua nguo aliyesemwa.

Nalitaja "mnyika" kwa makusudi, kwa sababu ndani yake mna jibu la nusu ya swali la mzee. Mmishonari Krapf alipofika Mombasa mwaka 1844 aliwakuta watu wa mjini wakiwaita majirani zao wa bara ya karibu, Wagiriama, Wadigo, Waduruma, Warabai na ndugu zao, kwa jina moja: Wanyika, watu wa porini. Akaliandika. Wamishonari waliomfuata wakaliandika, mabwana shauri wakaliandika, likawa jina la kiserikali. Baadaye wenyewe wakajichagulia jina lao, midzi chenda, miji tisa, kwa kuhesabu makaya waliyotokea. Katikati ya miaka ya 1940 wasomi na wafanyakazi wao walianzisha Chama cha Mijikenda, na jina hilo likaanza kudaiwa waziwazi.

Hapakuwa na faini wala tume. Walijiita, wakarudia kujiita, wakakataa kuitika kwa jina lingine. Wazee wetu wa mjini walinung'unika, bila shaka kwa maneno yale yale ninayoyasikia leo, kwamba "tumezoea" na "hatuna nia mbaya". Kisha wakazoea upya. Makaya yalipoingia katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008, hakuna mtu wa Mji wa Kale aliyeyaita makaya ya Wanyika. Mtu anayesema kwamba neno la baraza halibadiliki, mzee wake mwenyewe alilibadilisha.

Na sisi je? Watu wa mji huu nao wameonja kuitwa wasivyotaka, na nadhani ndiyo sababu wakawa wepesi wa kuumia. Mkoloni alipogawa watu wa Pwani kwa sheria za kodi, Waarabu waliwekwa upande wa wasio wenyeji na Thenashara Taifa, yaani Waswahili wenyewe wa Mvita, Wakilindini, Wachangamwe, Watangana na wengineo, wakatupwa upande wa wenyeji. Ndugu waliokuwa wakioana na kuswali msikiti mmoja wakaamka wakiwa na hadhi mbili tofauti mbele ya serikali, na mwenye hadhi ya chini akilipa kwa kila kitu. Mwaka 1927 Thenashara Taifa walianzisha chama chao, Afro-Asian Association, na miaka mingi ya siasa za mji huu ikaishia katika kubishania jina: nani Mwarabu, nani Mswahili, nani nini. Familia ziligawanyika. Wengine waliandika upya nasaba zao. Mwaka 1993, baada ya Islamic Party of Kenya kunyimwa usajili, kilizuka chama cha United Muslims of Africa kikitenganisha Mwislamu Mwafrika na Mwislamu Mwarabu, na jeraha lile lile la kodi likatonesha damu mitaani mwetu.

Bara nako tumepewa sifa zetu. "Mambo ya Kiswahili" kule maana yake ni maneno mengi yasiyo na kazi. Mtu wa Pwani ni mvivu anayelala chini ya mnazi akingojea nazi ianguke. Mwanafunzi wetu akienda chuo cha bara huulizwa majini wake amewaacha wapi. Haya yanasemwa kwa kicheko na wanaoyasema hukasirika wakiambiwa yanaudhi. Nayaeleza kwa sababu mtu aliyeitwa mvivu miaka yote hiyo, akamwona kijana wa mbali akiajiriwa bandarini huku wanawe wamekaa kitako, hulipata neno "mbara" likiwa tayari mdomoni. Sababu yake naifahamu vizuri. Hiyo haimaanishi neno halina kosa.

"Mbara" kwa asili halina ubaya. Bara ni nchi kavu, mbali na pwani, na mtu wa huko ni mtu wa bara kama sisi tulivyo watu wa pwani. Kamusi haiwezi kukuonyesha tusi lililomo. Tusi limo katika kitenzi kinachofuata. Mbara amekuja. Mbara amechukua. Mbara aende. "Wakuja" limekwenda mbali zaidi, kwa sababu limemgeuza mtu kuwa kitendo chenyewe cha kufika, na aliyefika tu hawezi kuwa wa hapa, hata akizaliwa hapa, hata babu yake akizikwa hapa.

Tuliona mwisho wa sentensi ile. Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997 kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa, askari sita wakauawa na bunduki zikachukuliwa. Kabla na baada ya usiku ule zilisambazwa karatasi zikiwataka wabara waondoke. Katika wiki zilizofuata zaidi ya watu 100 waliuawa Likoni na kusini ya Pwani, na maelfu kwa maelfu wakakimbia na magodoro vichwani wakivuka feri kuja kisiwani. Waliovuka walikuwa na watoto ambao Kiswahili chao kilikuwa Kiswahili cha Likoni. Tume ya Jaji Akiwumi ilisikiliza mengi kuhusu wanasiasa waliowatumia vijana wenye uchungu wa ardhi katika mwaka wa uchaguzi, na uchungu ule wa ardhi ulikuwa wa kweli. Hata hivyo wauaji walihitaji neno fupi la kumtambulisha jirani wa miaka 20 kuwa ni adui, na neno hilo halikubuniwa kwa ajili ya usiku ule. Lilikuwa limekaa barazani, limepoa, limezoeleka, kila mtu akilitumia na hakuna aliyemaanisha chochote.

Kwa hivyo Tume ya Uwiano haikukosea kuyaona maneno haya. Sheria ya mwaka 2008 iliyoiunda, iliyotokana na machungu ya baada ya uchaguzi wa 2007, inampa mwenye kueneza chuki ya kikabila faini ya hadi shilingi milioni moja au kifungo cha hadi miaka mitatu, au vyote viwili. Katika nchi iliyozika watu kama tulivyozika sisi, hiyo si adhabu kubwa. Ninachokiona ni kwamba sheria inamfaa mwanasiasa mwenye kipaza sauti na haimfai mzee wa baraza. Kwetu neno likikatazwa halifi, huvaa buibui. Watu waliorithi fumbo kwa Muyaka watashindwa na orodha? Wiki chache tu baada ya orodha ile nilisikia "wale wenzetu" ikitamkwa kwa namna ya kuburuta sauti ambayo hakuna hakimu angeweza kuiandika katika hati ya mashtaka, na kila aliyekuwapo alijua ni akina nani.

Serikali yenyewe imeshajaribu kuzima kauli kwa amri. Kundi la Mombasa Republican Council, na kauli yake ya "Pwani si Kenya", lilipigwa marufuku mwaka 2010. Julai 2012 Mahakama Kuu ya Mombasa ikaliondoa katazo hilo. Katikati ya miaka hiyo miwili kauli ile ilienea kuliko mwanzo, na wengi walioirudia hawakuwa hata na haja ya nchi nyingine. Walitaka hati ya shamba walilolilima tangu kwa babu.

Liko eneo moja ambapo mji umebadilika bila vita. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutendewa kwa heshima na ya kuitwa kwa namna isiyomdhalilisha. Kuitwa, nasisitiza, sheria kuu ya nchi imeingia katika jambo la jina. Lugha yetu iliwaweka watu hawa katika ngeli ya vitu: kiwete, kipofu, kiziwi, kibogoyo, kilema. (Najua kiongozi na kijana wamo humo humo, na nimewaambia wanafunzi wangu wasiifanye sarufi kuwa shahidi wa kila uovu.) Leo hata misikitini utasikia mlemavu, au mwenye ulemavu, na "zeruzeru" linazidi kuonekana ni neno la aibu. Baraza zilinung'unika kidogo, zikakubali. Kwa nini hapa ilikuwa rahisi? Naona ni kwa sababu kila mmoja wetu amefundishwa kwamba hujafa hujaumbika. Kiharusi kimoja, pikipiki moja pale Saba Saba, na neno lile ni langu. Tunalisitiri lisije likatuvaa sisi. Mbara hatuogopi kuwa.

Na mfanyakazi wa nyumbani? Hapo pia tulidhani hatuwezi kuwa. Nyumba nyingi za mjini zimelelewa na wasichana kutoka Kaloleni, Ganze na Kinango, na tuliwaita kwa kabila, au "kijakazi" kwa wale waliosahau neno hilo linatoka wapi, au hatukuwaita kabisa, tukipiga tu makofi. Bibi wa miaka 50 huitwa "msichana". Kisha mabinti zetu wenyewe, wa Majengo, wa Kisauni, wa Bondeni, wakaanza kupanda ndege kwenda Saudia na Ghuba kufanya kazi ile ile, na simu za usiku zikaanza kuingia. Mama mmoja jirani yangu alinieleza, akilia, kwamba tangu binti yake afike huko hakuna aliyewahi kumtaja jina. "Wamwita khadama," alisema. "Mwanangu ana jina." Hakulia kwa sababu ya mshahara, ingawa mshahara nao ulicheleweshwa. Alilia kwa sababu ya neno. Nilimsikiliza huku nyuma yake, jikoni, mtoto wa watu akichambua mchele, ambaye kwa miaka mitatu niliyozoea kuingia nyumba ile sikuwahi kumsikia akiitwa kwa jina. Wiki iliyofuata nilimsikia akiitwa.

Watu hawaukatai uangalifu wa maneno, wameuzoea mno. Wanachokikataa, na mara nyingi bila kujijua, ni kumpa tasfida mtu ambaye hawajamhesabu kuwa wao. Ukitaka kumshawishi mzee aache "mbara", usimsomee sheria ya 2008. Muonyeshe kwamba heshima anayoijua tayari ina pengo, na kwamba yeye mwenyewe, kwa kiwango chake mwenyewe cha adabu, amemkosea mtu. Hapo atasikia, maana hakuna kinachomuuma mtu wa Mvita kama kuambiwa hana adabu.

Niseme pia neno kwa vijana wetu wanaorudi na msamiati mpya. Wako sawa kwa mengi. Lakini kumkemea babu mbele ya watu kwa ajili ya neno ni kuvunja adabu moja ili kuilinda nyingine, na mzee akishaaibishwa ataling'ang'ania neno lile mpaka kaburini. Na methali zetu tusizifute. "Baniani mbaya, kiatu chake dawa" ni ushahidi wa namna tulivyomtazama Mhindi aliyetuuzia kila kitu, ambaye mwaka 2017 jamii yake ilitangazwa kuwa kabila la 44 la Kenya. Ibaki vitabuni, ifundishwe pamoja na maelezo yake. Kuitamka mbele ya duka lake ni jambo lingine.

Nirudi Kibokoni. Mzee alipouliza tuwaiteje, aliyejibu alikuwa muuza kahawa. Amezunguka na dele lake mitaani mwetu kwa miaka mingi na sote tulimwita Mkamba, naye akaitika. Aliweka dele chini akasema, "Mzee wangu, mimi nimezaliwa Mwembe Tayari. Hapa naitwa Mkamba. Nikienda Machakos kwa mazishi naitwa Mswahili."

Hakuna aliyesema kitu kwa muda. Kisha mzee akamuuliza swali tunalomuuliza kila kijana wa mji huu tunapotaka kujua tumweke wapi: "Babako akiitwa nani?" Akamtajia. Mzee akamkumbuka babake, aliyekuwa hamali Kilindini, akamkumbuka hata mwendo wake. Tangu siku hiyo humwita mwana wa fulani, kwa jina la babake. Wengine barazani bado wanamwita Mkamba. Juzi nilitaka kahawa, yuko mbali kidogo, nikanyoosha mkono kumwita na neno lililonijia kwanza lilikuwa lile lile la zamani.